Ratiba kwanza, zege baadaye

Treni ilikuwa mpya, viti bado vinanukia kiwandani. Ilifika kituoni saa 1 na dakika 12 usiku, kama ratiba ilivyosema. Milango ilipofunguka nikaona ng'ambo ya uzio taa mbili nyekundu zikikata kona: basi letu, linalotufikisha nyumbani sisi tunaokaa kilomita saba kutoka relini. Lilikuwa limeondoka saa 1 na dakika 10, nalo kwa mujibu wa ratiba yake. Linalofuata lilikuwa baada ya saa nzima. Tulibaki watu kama ishirini. Mama mmoja mwenye mtoto aliyelala begani aliketi kwenye ukingo wa jukwaa bila kusema neno, na vijana watatu wakaanza kutembea gizani kando ya barabara huku malori yakiwapita.

Dereva wa treni hakukosea, wala wa basi. Aliyekosekana ni mtu wa tatu, yule ambaye kazi yake ingekuwa kuziweka ratiba zile mbili juu ya meza moja. Kituo kile kina paa la vioo, ngazi za umeme na saa kubwa ukutani. Katika gharama yote ile, kuisogeza safari ya basi mbele kwa dakika tano kusingeongeza hata kasha moja la misumari.

Tangu usiku ule nimekuwa nikifuatilia habari za treni za mijini na vitongoji vyake, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: tunazijenga reli hizi kinyumenyume. Upembuzi yakinifu unafanyika, jiwe la msingi linawekwa, mkandarasi anamwaga zege, utepe unakatwa, ndipo mtu fulani ofisini anaambiwa atafute ratiba itakayoenea kwenye kile kilichokwisha kujengwa. Wapangaji wa reli katika nchi zinazosema Kijerumani wana msemo wao: mpangilio kwanza, kisha elektroniki, zege mwisho. Maana yake ni kwamba kabla hujachimba handaki, hakikisha umemaliza yote yanayowezekana kwa kupanga vizuri treni ulizonazo, na yote yanayowezekana kwa taa za ishara na mitambo. Ukishafika mwisho wa hayo mawili, utajua hasa ni wapi pa kumwaga zege, na kiasi gani.

Uswisi ndiyo iliyolifanya hili kwa ukamilifu kuliko wote ninaowajua. Mwaka 1982 walianza ratiba ya nchi nzima inayojirudia kila saa. Kama treni yako inaondoka dakika ya 7, basi inaondoka saa 1 na dakika 7, saa 2 na dakika 7, hivyo hivyo hadi usiku. Uholanzi walikuwa wametangulia mwaka 1970. Ukikaa karibu na reli ya namna hiyo huhitaji kutazama karatasi yoyote, dakika ya treni yako unaijua kama unavyoijua namba ya nyumba yako.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1987 wapiga kura wa Uswisi walikubali mpango wa kuboresha reli ulioitwa Bahn 2000, na wapangaji wake walianza kwa kuchora ratiba waliyoitaka. Walitaka treni kutoka pande zote ziingie kwenye kituo kikubwa muda mfupi kabla ya saa kamili, abiria wabadilishe, kisha zote zitoke muda mfupi baada ya saa kamili. Mabasi ya posta, ambayo kule hubeba abiria pia, nayo yanasubiri nje. Ili hilo liwezekane, safari kati ya vituo viwili vya aina hiyo lazima iwe pungufu kidogo ya saa moja. Kati ya Zürich na Bern safari ilikuwa inazidi saa. Basi wakajenga njia mpya ya kilomita kama 45 kati ya Mattstetten na Rothrist, ikafunguliwa Desemba 2004, na safari ikashuka hadi dakika 56 hivi. Hawakutafuta dakika 40. Treni ya dakika 40 ingefika mapema na abiria wangekaa dakika nyingine 20 wakisubiri treni ya kuunganisha, na fedha za ile kasi ya ziada zingekuwa zimetupwa. Kasi waliyoinunua ni ile waliyoihitaji. Nikisoma matangazo ya miradi ya reli yanayoanza na kilomita kwa saa, huwa naitafuta hesabu ya namna hii na mara nyingi siioni.

Tuangalie hesabu nyingine, ndogo zaidi, ambayo kila diwani angepaswa kuifanya kwa kalamu kabla ya kupitisha bajeti. Chukua njia ambayo treni inatumia dakika 50 kwenda na 50 kurudi, na inapumzika dakika 10 kila mwisho ili dereva ahamie kichwa cha upande wa pili na mitambo ikaguliwe. Mzunguko mzima ni dakika 120. Ukitaka treni kila nusu saa unahitaji seti 4, yaani treni nne kamili. Sasa tuseme majukwaa yako chini kuliko sakafu ya behewa, abiria wanapanda ngazi, mzee anashikwa mkono, kigari cha mtoto kinanyanyuliwa na watu wawili, na kila kituo kinakula sekunde 20 zaidi. Kwenye vituo 12 hizo ni dakika 4 kwa kila upande. Mzunguko unakuwa dakika 128, na seti 4 hazitoshi tena. Unalazimika kununua ya tano, kuilipia dereva, kuitunzia nafasi kwenye karakana na kuifanyia matengenezo kwa miaka thelathini, au uipunguze huduma. Kuinua jukwaa hadi liwe sawa na sakafu ya treni ni kazi ya saruji isiyopigwa picha na gazeti lolote, lakini katika hesabu hii imekuokolea treni nzima. Na yule mzee sasa anaingia mwenyewe, bila kuomba mkono wa mtu.

Au chukua reli ya njia moja, kama zilivyo nyingi zinazotoka mijini kwenda vijijini. Watu wakisema treni ziongezwe, jibu la haraka ni kwamba lazima njia yote iwe mbili, na hapo mradi unakufa kwa bei. Lakini treni zinazokwenda kila nusu saa pande zote mbili hukutana kila baada ya dakika 15 za mwendo. Hukutana hapo tu, siku zote, kama ratiba inajirudia. Kwa hiyo mahali pa kujenga njia ya kupishana panajulikana kabla hata mpima ardhi hajafika, kwa kuwa ratiba imeshapaonyesha. Sehemu iliyobaki inaweza kubaki njia moja miaka mingi bila mtu kuchelewa. Asiye na ratiba hana njia ya kujua hilo, kwa hiyo ama anajenga kila mahali au hajengi kabisa.

Najua wapo watakaosema ninadharau ujenzi. Sivyo. Yapo maeneo ambayo bila handaki hakuna linalowezekana, hasa pale reli za zamani zinapoishia ukingoni mwa mji kwenye vituo vya kuingilia na kutokea upande mmoja. Treni ikiingia humo inabidi itoke kinyumenyume ilikotoka, ikikatiza njia za zinazoingia, na wakati dereva anatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine jukwaa limekaliwa. Dawa yake ni kuunganisha pande mbili za mji ili treni ya mashariki ipite katikati na kuendelea magharibi. München, Ujerumani, walifanya hivyo mwaka 1972, mwaka wa Olimpiki yao: handaki lenye njia mbili tu, linaloweza kupitisha hadi treni 30 kwa saa kila upande. Paris waliunganisha reli zao pale Châtelet–Les Halles mwaka 1977, na RER A, mojawapo ya njia zao za treni za mjini na vitongoji, leo hubeba zaidi ya watu milioni moja siku ya kazi. Zürich walilikataa pendekezo kubwa la reli za chini ya ardhi kwenye kura ya mwaka 1973, wakakubali lililo dogo zaidi mwaka 1981, na treni zikaanza kupita mwaka 1990. London walifungua Elizabeth line, njia yao ya treni inayopita chini ya mji, mwaka 2022.

Sasa angalia Philadelphia. Mwaka 1984 walifungua handaki la katikati ya mji lililounganisha reli za kampuni mbili za zamani, kwa wazo lile lile la München. Zege lilikuwa sawasawa. Lakini nje ya saa za asubuhi na jioni, njia nyingi zikaendelea kwa miongo kupata treni moja kwa saa. Mtu mwenye gari ukimwambia asubiri hadi dakika 59, ameshafika. Handaki limekaa pale miaka arobaini na bado halijapewa ratiba linayostahili.

New York inaniuma zaidi. Kituo cha Penn kina njia 21, na humo treni za abiria wa New Jersey, upande wa magharibi, zinaishia, na nyingi za Long Island, upande wa mashariki, zinaishia, kila moja ikigeuza pale katikati ya mji ulio ghali kuliko karibu yote duniani. Asubuhi, zikishashusha watu, baadhi ya treni za New Jersey huendelea mbele chini ya mto hadi yadi ya Sunnyside upande wa Queens, zikalala huko hadi jioni. Zinavuka mji zikiwa tupu. Reli ipo, treni inapita, ila abiria wa upande wa pili haruhusiwi kupanda kwa sababu anayesimamia huku si anayesimamia kule, na umeme wa huku si wa kule. Kisha mwaka 2023 kilifunguliwa kituo kingine cha kuishia cha treni za Long Island chini ya Grand Central, kituo kingine kikubwa cha mji huo, kwa zaidi ya dola bilioni 11.

Suala la umeme tofauti ni kweli, lakini limeshatatuliwa kwingine. Paris reli za mjini zilitumia volti 1,500 na za taifa volti 25,000, wakanunua treni zinazokubali zote mbili. Lililokuwa gumu zaidi ni watu. Kwa miaka mingi treni za RER B zilisimama Gare du Nord ili dereva wa kampuni moja ashuke na wa kampuni nyingine apande. Karlsruhe, mji wa Ujerumani usio mkubwa, walitengeneza tramu inayotembea barabarani kwa volti 750 kisha inapanda kwenye reli kuu yenye volti 15,000, na mwaka 1992 ikaanza kwenda hadi mji jirani wa Bretten. Watu wa Bretten wakaweza kushuka mtaani walikokuwa wanakwenda, bila kubadilisha kitu kituo kikuu.

Hizi treni tumezizoea kuziita za wafanyakazi wa ofisini, na jina hilo limefanya madhara makubwa. Linatufanya tupange safari nyingi kuelekea mjini asubuhi, nyingi kutoka mjini jioni, na katikati ya hapo treni zinalala yadi. Muuguzi anayetoka zamu saa 3 usiku hayumo kwenye picha hiyo. Hayumo mfagiaji anayeanza saa 10 alfajiri, wala mwanafunzi wa masomo ya jioni, wala mama anayempeleka mtoto kliniki saa 5 asubuhi kisha apitie sokoni na kumchukua mwingine shule. Na jambo linalonishangaza ni kwamba treni ya saa 5 asubuhi ndiyo iliyo rahisi kuliko zote: imeshanunuliwa kwa ajili ya saa 2, njia imeshajengwa, taa za ishara zinawaka. Unalipa dereva, umeme na uchakavu wa magurudumu. Seti ya treni inayofanya safari mbili kwa siku ni kama shule inayofundisha kipindi cha kwanza na cha mwisho tu.

Ichizō Kobayashi wa Osaka alilielewa hili zamani. Reli yake ilianza mwaka 1910 kutoka Umeda, mtaa wa katikati ya Osaka, kwenda mashambani ambako watu walikuwa wachache, kampuni ikanunua ardhi kando ya njia, ikajenga nyumba na kuziuza kwa malipo ya awamu. Hapo akapata abiria wa asubuhi. Kisha akaanzisha kikundi cha maonyesho ya jukwaani kule mwisho wa njia, Takarazuka, na mwaka 1929 duka kubwa pale Umeda, na treni zikawa na watu pande zote mbili na saa zote. Simsifu kwa biashara yake bali kwa kuona kwamba kiti kinachorudi kitupu kinagharimu sawa na kilichokaliwa. Mamlaka zinazojenga kituo na kukizungushia maegesho ya magari elfu moja zimechagua kinyume chake: ardhi iliyo karibu zaidi na treni imepewa magari yasiyofanya kitu mchana kutwa.

Kuhusu nauli nitasema kwa ufupi, maana dawa yake inajulikana tangu Hamburg walipounda umoja wa usafiri mwaka 1965: tiketi moja kwa treni, basi na feri, na ratiba moja kwa wote, hata kama kampuni ni nyingi. Abiria hapaswi kulipa nauli ya kuanzia mara mbili kwa kosa la kukaa mbali na reli. Ujerumani nzima ilifika hapo Mei 2023, kwa tiketi ya mwezi iliyoanza kwa yuro 49 na inayopanda usafiri wote wa mijini na mikoani.

Hoja ninayoipa uzito ni ile ya watu wanaosema mambo haya ni ya miji iliyosongamana, kwamba nyumba zikitawanyika treni haifai. Perth, Australia, wanaishi wametawanyika sana. Njia yao moja kuelekea bandarini ilifungwa mwaka 1979, ikarudishwa mwaka 1983 baada ya wananchi kuidai. Badala ya kukata tamaa walijenga njia mpya kuelekea kaskazini mwaka 1992, katikati ya barabara kuu, vituo vichache vilivyo mbali mbali, na mabasi yanaingia hadi ndani ya kituo, juu ya treni kabisa. Mwaka 2007 wakaongeza ya kusini hadi Mandurah, karibu kilomita 70. Nyumba haziko karibu na vituo hivyo, basi ndilo linalozileta karibu, kwa sababu limepangwa pamoja na treni.

Kinyume cha hayo ni Mumbai, ambako treni za mjini hubeba watu kama milioni 7 kwa siku na kwa miaka mingi zaidi ya watu elfu mbili kila mwaka wamekufa relini, wakivuka njia au wakianguka milangoni. Hapo hakuna ratiba itakayotosha peke yake. Hapo zege linahitajika, na njia mpya, na milango inayofunga, na haraka.

Na lipo la utunzaji. Cape Town walikuwa na reli ya umeme iliyowahudumia watu wa Khayelitsha, Mitchells Plain na Langa, watu waliohamishiwa mbali na mji kwa nguvu na wasio na njia nyingine ya bei nafuu. Nyaya za shaba ziliibwa, mabehewa yakachomwa moto, treni zikazidi kuchelewa, na mwaka 2019 huduma ya njia hiyo ikasimama. Watu wasio na makazi wakajenga vibanda juu ya mataruma. Kuirudisha kumechukua miaka, hatua kwa hatua, na familia zilizokuwa zimejenga zikabidi zitafutiwe pa kwenda. Reli ikiachwa, inaondoka kituo kimoja baada ya kingine, na kila treni inayokosekana inamfundisha abiria mmoja zaidi kuishi bila hiyo. Ndiyo maana bajeti ya walinzi, mafundi wa nyaya na wabadilisha mataruma ningeitazama kabla ya bajeti ya kilomita mpya.

Miezi michache baada ya usiku ule nilipanda basi lile lile mchana, likiwa karibu tupu, nikaketi kiti cha mbele. Nikamuuliza dereva, "Kaka, treni ya saa 1 na dakika 12, kwa nini msitusubiri dakika mbili tu?"

Alikaa kimya hadi alipovuka tuta, akachomoa karatasi iliyokunjwa kwenye kioo cha jua na kunipa. Ilikuwa ratiba yake ya siku, safu mbili za saa na majina ya vituo, imechakaa kwenye mikunjo.

"Dada, taa za treni naziona zikija kila siku," alisema. "Tafuta hapo uniambie treni imeandikwa wapi."

Nikaisoma yote, mbele na nyuma. Haikuwemo.